Bushou: kichwa cha fungu, si mzizi

Mwanafunzi wa Kichina hukutana mapema na hanzi (alama ya maandishi ya Kichina) 木, inayotamkwa mù, yaani mti. Ina mistari minne. Huanza mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia. Hufuata wima, unaoukata mlalo na kushuka chini moja kwa moja. Mkono wenye haraka hupenda kuupinda mwishoni, na mwalimu hataki. Kisha, kutoka pale mistari hiyo miwili ilipokutana, unateremka mshazari wa kushoto, na wa kulia humalizia.

Ukiandika miti miwili bega kwa bega unapata 林, kichaka cha miti. Hapo angalia mti wa kushoto: mshazari wake wa mwisho umekatwa ukawa kama nukta, ili usimbanie jirani. Mitatu ni 森, ambayo leo huambatana na 林 kuunda neno la msitu, 森林.

Lakini 木 ina kazi ya pili, ya kuongoza fungu la hanzi katika kamusi, nayo ndiyo inayotutafutisha istilahi. Wachina huiita bushou. Bu ni sehemu au fungu, na shou ni kichwa. Anayejifunza Kichina kupitia Kiingereza atashawishika kusema “mzizi”, kwa kuwa Waingereza wameipa jina lenye asili ya neno la Kilatini la mzizi. Mimi naona tafsiri hiyo inapotosha.

Kwanza, sarufi yetu imekwisha kulitumia neno hilo. Mzizi som huzaa soma, msomi, somo na masomo. Bushou haizai, inapanga. Xu Shen, aliyeandika kamusi yake mwaka 100 hivi Baada ya Kristo, alikuwa na hanzi 9,353 na hakuwa na alfabeti ya kuzipangia, basi akazigawa katika mafungu 540, kila fungu na kichwa chake. Kamusi ya Mfalme Kangxi ya mwaka 1716 ilipanga hanzi zaidi ya 47,000 chini ya vichwa 214. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2009 ina 201. Mizizi ya lugha haipunguzwi hivyo kwa uamuzi wa watunga kamusi.

Pili, 木 haiwi sikuzote asili ya maana. Hanzi ya zamani ya mashariki, 東, iliwekwa katika fungu la mti. Xu Shen aliiona kama jua ndani ya mti, ilhali wataalamu wengi wa leo wanaona umbo lake la kale lilikuwa mfuko uliofungwa ncha mbili. Haina mti wala mzizi! Na 休, kupumzika, ambayo ni mtu aliyeegemea mti, huitafuti kwenye mti bali kwenye fungu la mtu. Tena ukiweka mstari mfupi chini ya mti unapata 本, ambayo maana yake ya kale ni mzizi hasa. Hebu mwambie mwanafunzi kwamba mzizi wa “mzizi” ni mti, uone atakavyokutazama.

Sasa itazame bushou ikiwa kazini. Umekutana na 椰 na huijui. Kushoto kuna mti. Unafungua fungu la 木 katika kamusi, unahesabu mistari iliyobaki upande wa kulia, minane, na unaikuta: yē, nazi. Mti umekudokeza kwamba neno linahusu mmea. Sauti imetoka kulia, kwenye 耶, silabi ileile inayoanza jina la Yesu katika Kichina.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwani ngeli zetu hufanya jambo la jinsi hiyo. M-MI ina mnazi, mwembe na mkorosho, lakini ina pia msumari, mwezi na mkate. Fungu la 木 lina msonobari 松, kiti 椅, daraja 桥 na hata mashine 机. Kila kundi lina ukoo wake wa wazi na wageni wake waliohamia kwa sababu za kihistoria.

Wapo watakaopendekeza “kiini”. Kiini hukaa ndani, ilhali 木 iko kushoto katika 松, juu katika 李 na chini katika 桌. Kichwa ni bora, maana kichwa cha habari au cha orodha tunakifahamu wote: kinatangulia, kinataja kundi, hakidai kuwa mzazi wa kila kilicho chini yake.

Kichina kinafundishwa leo vyuoni kwetu. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa 2005. Walimu na watunga kamusi wa Kichina na Kiswahili, nawaomba mwandike “kichwa cha fungu”, na mzizi muuache kwenye sarufi.