Nchi Iliyosoma Kabla ya Kuwa na Shule

Mtu akituuliza, "Mtoto hujifunza kusoma wapi?" sote tutajibu upesi, "Shuleni." Jibu hilo si kosa. Walakini katika habari za zamani iko nchi moja ambayo watu wake walijua kusoma kwanza, na shule zikaja nyuma. Nchi hiyo ni Uswidi, iliyoko kaskazini ya Ulaya, nchi ya misitu na theluji, ambako siku za baridi usiku ni mrefu sana kuliko mchana. Nataka kuwaeleza jinsi jambo hilo lilivyokuwa, maana ndani yake mna fundisho kwa kila mzazi.

Agano Jipya lilichapwa kwa lugha ya Kiswidi mwaka 1526, na Biblia nzima mwaka 1541. Lakini kitabu kisicho na msomaji ni kama taa isiyo na mafuta. Watu wengi walikuwa wakulima, mashamba yao yalikuwa mbali mbali, na walimu walikuwa haba. Basi watu hao watasomaje?

Hata mwaka 1686 mfalme Karl XI akatoa sheria ya Kanisa. Katika sheria hiyo iliagizwa kwamba watoto, na watumishi wa kiume na wa kike, wajifunze kusoma, wapate kuona kwa macho yao wenyewe yale Mungu aliyoyaamuru. Angalieni, hata mtumishi hakusahauliwa. Na kwa kuwa shule za vijijini zilikuwa chache mno, mzigo huo uliwekwa hasa juu ya wenye nyumba. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliyoiandika ili mwenye nyumba awafundishe watu wake kwa maneno mepesi.

Basi jioni, kazi za nje zikiisha, watu walikaa karibu na moto, na mtoto akaletewa kitabu. Mara nyingi mwalimu alikuwa mama. Pengine alikuwa ndugu mkubwa, au jirani ajuaye. Kitabu cha kwanza kilikuwa kidogo: herufi, kisha silabi, kisha sala na maneno ya katekisimo. Mtoto alitaja herufi moja moja, akaziunganisha kuwa silabi, na silabi zikawa neno. Katika vitabu hivyo, huko Uswidi na Ufini, ilikuwa desturi kuchapa picha ya jogoo. Watoto waliambiwa ya kuwa mtoto akijitahidi, jogoo huyo atamtagia. Na kweli, mwenye bidii akifungua kitabu chake huona senti au kitu kitamu kati ya kurasa. Jogoo atagaye! Sisi tulio watu wazima twajua ni nani aliyetaga.

Lakini mambo hayakuachwa kwa jogoo peke yake. Mchungaji alikuwa na desturi ya kuzunguka katika usharika wake kuwapima watu, na kwa kawaida alifanya hivyo kila mwaka. Watu wa mtaa mmoja walikusanyika katika nyumba moja, wazee kwa vijana, bwana na mtumishi wake. Kila mmoja aliitwa, akasoma mbele ya jirani zake, na mchungaji akatia alama katika daftari. Tena asiyejua katekisimo alizuiwa kufika Meza ya Bwana, na hata kufunga ndoa.

Katika daftari hizo iko hekima moja ambayo sisi walimu tungefaa kuishika. Kusoma kitabuni kulipewa alama yake, na kusema kwa moyo kuliandikwa mbali. Baadaye, katika daftari nyingi, kufahamu nako kulitengewa mahali pake. Kwa nini? Kwa sababu mambo hayo matatu si jambo moja. Mimi mwenyewe nimewahi kumsikiliza mtoto akisoma ukurasa mzima pasipo kukosa hata neno, nikasogea karibu, nikaona kitabu chake kimegeuzwa kichwa chini! Masikio yake yalikuwa yamejifunza, lakini macho hayakujifunza neno. Na baba yake alikuwa akijisifu kwa majirani kuwa mwanawe ni msomaji.

Matunda yake yalikuwaje? Wataalamu wa historia waliozichunguza daftari hizo katika karne ya 20 waliona ya kuwa kabla karne ya 18 haijaisha, watu wengi wa Uswidi walijua kusoma, na wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume. Lakini kuandika hakukuagizwa, na kwa hiyo wengi waliosoma vizuri hawakujua kuandika, wakatia alama tu mahali pa kutia sahihi. Ni mwaka 1842 ndipo ilipotoka sheria ya kwamba kila usharika uwe na shule moja au zaidi.

Hata hivyo haifai kusifu yote. Kusoma huko kulitiwa nguvu kwa hofu na aibu, na wakuu walitaka watu wasome ili watii. Mwaka 1726 ilitolewa sheria ya kuwakataza watu kukutanika faraghani kwa ibada, isipokuwa wa nyumba moja. Lakini katika karne ya 19 wakulima wengi walianza kukusanyika majumbani na kusoma wenyewe, hata wakaitwa kwa jina la "wasomaji." Wengine walitozwa faini, wengine wakafungwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1858. Kwa maana ukimpa mtu macho ya kusomea, huwezi tena kumchagulia atakayoyaona.

Basi, wazazi wenzangu, hatuna mfalme wa kutuagiza, wala hatuhitaji. Jioni moja mwite mtoto wako na kitabu chake. Usimwache aanze mwanzo wa ukurasa, bali weka kidole katikati, pale asipopazoea, umwambie, "Soma hapa." Akisoma, mwulize maana yake. Akishindwa, usimpige wala usimcheke, bali rudini pamoja kwenye silabi. Na ikiwa wewe hujui kusoma, mwambie akusomee, nawe usikilize kweli kweli, kwa kuwa mtoto hupenda kazi ambayo mzazi wake aithamini.

Samaki mkunje angali mbichi. Robo saa kila jioni yatosha. Na asubuhi moja moja, jogoo na atage.