Kituo atamizi na mtazamo wa kijasiriamali

Kituo atamizi cha biashara ni mahali panapolea biashara changa kwa kuzipa nafasi ya kazi kwa kodi nafuu, ushauri na njia ya kuwafikia wateja na wenye mitaji, hadi zijitegemee. Kinachotajwa kuwa cha kwanza kilianza mwaka 1959 mjini Batavia, New York, Marekani, pale Joseph Mancuso alipopangisha kwa biashara ndogo vipande vya kiwanda kilichofungwa. Nchini Tanzania, kazi ya kulea biashara ndogo hufanywa na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973.

Jengo na ushauri pekee havifanyi biashara ikue. Mtazamo wa mwenye biashara una uzito wake. Ushahidi mzuri umetoka Lomé, Togo, ambako watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wenye biashara ndogo 1,500 katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa uhasibu, masoko na usimamizi wa fedha. La pili lilifundishwa kujituma bila kusubiri kusukumwa: kutafuta fursa, kujitofautisha na washindani, kujiandaa kwa vikwazo. La tatu halikufundishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha faida ya kundi la pili ikipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na ya kundi la tatu. Ya kundi la kwanza ilipanda kwa 11 tu, tofauti ambayo huenda ilitokana na bahati.

Mafanikio ya vituo atamizi ni magumu zaidi kuyapima, kwa kuwa vingi huchagua waombaji wenye dalili za kufaulu tangu mwanzo.