Firigisi na Mchezo wa Mufwankolo

Kituo cha umeme cha Koni, kwenye mto Lufira karibu na Likasi nchini Kongo, kilianza kazi mwaka 1950. Kampuni ya madini ya Union Minière ilikijenga kwa ajili ya shaba, lakini umeme wa Lufira uliwasha pia miji ya Katanga, na redio na televisheni zake. Kwenye vyombo hivyo watu walimcheka Mufwankolo, kiongozi wa kundi la vichekesho la Lubumbashi, akiwa na Bibi Kawa na wenzao. Wengi hudhani ustadi wao ulikuwa ule ulioonekana mbele ya kamera. Nashikilia kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kufanyika kabla kamera haijawashwa, katika mazungumzo.

Ushahidi ulio bora ni wa mwaka 1986. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliandaliwa kuku na rafiki zake, akapewa firigisi aile peke yake bila kugawa, kwa sababu, walimwambia, madaraka huliwa mazima. Aliupeleka msemo huo kwa kundi la Mufwankolo akitaka kujua maana yake. Hawakukubaliana. Ubishi huo ndio uliozaa mchezo mzima: wakapanga matukio ya kijiji na chifu wake, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, na maneno kila mmoja akayatafuta mwenyewe, kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha "batoto" na "bintu". Hapakuwa na mswada wa kukariri.

Yupo atakayesema kwamba mchezo usio na mswada ni porojo tu. Kinyume chake, mwenye mswada hukumbuka maneno, asiye nao lazima aielewe hoja mpaka aweze kuitetea, maana mwenzake anaweza kumjibu asichokitarajia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba televisheni ilikuwa ya serikali ya Rais Mobutu, yenye chama kimoja, kwa hiyo wachekeshaji walikuwa watu wake. Ni kweli hawangeweza kumtaja rais. Hata hivyo, kujadili hadharani ni nani ale madaraka, na kama yanagawanyika, chini ya mtu aliyeyashika yote, si jambo dogo. Chifu wa mchezoni aliubeba mzigo wa mjadala huo.

Walipokwenda kuurekodi mchezo katika kijiji cha Kawama, jirani na Lubumbashi, wanakijiji hawakuketi kando kama watazamaji. Waliingia mchezoni.