Barua za Mwanafalaki na Swali la Mto Rusizi

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa Gitega na wenzao wa Muyinga wanaujua vyema mto Ruvubu. Ni mto unaopita katika nchi iliyo kati ya miji hiyo miwili, ukakutana na Nyabarongo karibu na Rusumo na kuwa Kagera, ambao humwaga maji yake katika ziwa Viktoria. Hatimaye maji hayo huingia katika Nile. Katika karne ya 19 swali la chanzo cha Nile liliwashughulisha sana wataalamu wa Ulaya, na sehemu kubwa ya mjadala huo ilipitia kwenye barua. Katika makala haya tunakusudia kuziangalia barua za mwanafalaki mmoja, Thomas Maclear, na kueleza zinatuhusu nini sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Burundi.

Kwanza tufafanue neno. Kwa wengi wetu, kupiga falaki ni kazi ya mganga atazamaye nyota ili kubashiri. Hapa tunazungumzia falaki kwa maana ya elimu ya kupima mwendo wa jua, mwezi na nyota.

Mpima nyota na msafiri

Maclear alizaliwa Ireland mwaka 1794, akasomea udaktari. Mwaka 1834 alifika Cape Town kukiongoza kituo cha serikali ya Uingereza cha kuangalia nyota, na kazi hiyo aliishika hadi mwaka 1870. Shughuli zake za kila siku zilikuwa za mbinguni na za duniani pia: kutoa saa sahihi kwa manahodha, kupima ardhi, kuandika hali ya hewa. Mtu wa kazi kama hizo haachi kuandika na kupokea barua.

Mmoja wa walioandikiana naye alikuwa David Livingstone, aliyejifunza kwake upimaji mwaka 1852. Kujua umbali wa mahali kutoka ikweta si kazi ngumu sana: msafiri hupima kimo cha jua la adhuhuri au cha nyota. Kazi ni kujua mahali pako upande wa mashariki au magharibi, kwa maana hapo lazima ulinganishe saa ya ulipo na saa ya Greenwich. Tofauti ya dakika nne ni sawa na digrii moja, yaani kilomita 111 hivi kwenye ikweta. Saa iliyotikiswa njiani miezi mingi haiaminiki. Kwa hiyo Livingstone alipima umbali kati ya mwezi na nyota, akaufanya mwezi kuwa saa yake. Hesabu zake ni ndefu na ni rahisi kuzikosea. Ndiyo sababu vipimo vilitumwa Cape Town, Maclear akavihesabu upya.

Barua njiani

Barua ya namna hiyo ilipopotea, sehemu ya ramani ilipotea nayo. Mwaka 1854 Livingstone alituma barua na ramani zake kutoka Luanda kwa meli iitwayo Forerunner. Meli ikazama karibu na kisiwa cha Madeira. Habari ilipomfikia, ilimbidi akae chini aandike yote tena.

Katika safari yake ya mwisho, iliyoanza mwaka 1866, njia ya posta ilikuwa misafara ya biashara kati ya Ujiji, Tabora na pwani. Mwaka 1869, akiwa Ujiji, alipata taabu kubwa kupata mtu wa kuzipeleka barua zake. Yeye mwenyewe aliamini kuwa wafanyabiashara walichelea barua hizo zisifichue biashara ya watumwa. Huko Manyema karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa zingefuri, mmea ambao jina lake la Kiswahili aliliandika katika kumbukumbu zake. Ni katika kurasa hizo alizoandika juu ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 1871. Wino ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki vizuri. Mwaka 2011 yalitolewa upya baada ya kupigwa picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali.

Rusizi unaelekea wapi?

Sasa tufike Burundi. Ikiwa Rusizi unatoka katika ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini, basi huenda ziwa hilo ni chanzo cha Nile. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, na wenyeji wakawaambia wazi kwamba mto huo unaingia ziwani. Hata hivyo mjadala haukwisha, kwa kuwa hakuna Mzungu aliyeuona mdomo wa mto kwa macho yake. Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji, pamoja na wapiga makasia Wajiji na watumishi waliozungumza Kiswahili. Safari hiyo ndiyo inayokumbukwa na jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura. Waliuona Rusizi ukiingia ziwani. Wenyeji walikuwa wamesema kweli miaka 13 kabla.

Mwezi Machi 1872 Stanley aliondoka Tabora na barua za Livingstone. Mwaka uliofuata Livingstone alifariki, na waliohakikisha kwamba maandishi yake yanafika pwani ni akina Susi na Chuma. Alifariki akiitafuta Nile upande wa Lualaba, mto ambao ni wa Kongo. Chemchemi ya kusini kabisa ya Nile iko Rutovu, katika uliokuwa mkoa wa Bururi, ambako piramidi ilijengwa mwaka 1938. Maji yake hufika Ruvubu.

Hitimisho

Tunajifunza nini? Maclear alipopokea kipimo, alitaka kujua kilichukuliwa wapi, saa ngapi na kwa chombo gani. Huo ni utaratibu mzuri, nasi hatuna budi kuufuata. Lakini utaratibu huo haukuwa na nafasi kwa watu wa Uvira, ambao jibu lao lilikuwa sahihi na halikuhitaji chombo chochote. Wabebaji wa barua nao majina yao mengi hayakuandikwa.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi moja kwa wanafunzi wa Gitega na wa Muyinga. Waende kwa wazee wanaozungumza Kiswahili, wawaulize juu ya njia za misafara, mito na masoko ya zamani, kisha waandikiane barua kati ya mji na mji. Kila barua iwe na tarehe, mahali na, kwa idhini yake, jina la mzee aliyesema. Mwanafunzi atenganishe aliyoyaona na aliyoyasikia, ila asiyatupe aliyoyasikia. Yaliyosikiwa Uvira mwaka 1858 ndiyo yaliyokuwa kweli.