Kabla hujatupa hizo spika, pitia kwa fundi

Disemba nilikuwa ushago, Kilungu, na spika zangu za kompyuta zikaanza ujinga. Ukizungusha kitufe cha sauti, kraaa! Spika ya kulia inapotea, unakisukuma kidogo pembeni inarudi, ukikiachilia inaenda tena. Nikasema basi, nitaagiza zingine mtandaoni. Susu akaniangalia kama mtu aliyesema atatupa mbuzi kwa sababu amekohoa.

"Hakuna fundi huko Nunguni?"

Alikuwepo. Mzee, meza moja kwenye veranda ya duka, redio kuukuu zimepangwa nyuma yake kama maiti. Hakutoa hata kipimo. Alizungusha kitufe, akainamisha kichwa, akasema: "Ni volyumu. Imekula vumbi."

Sikilizeni, hii kitu ni rahisi kuliko mnavyodhani. Ndani ya hicho kitufe kuna njia ya kaboni iliyopinda kama kwato la punda, na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Ulimi ukiwa mwisho huu sauti inazimika, ukifika mwisho ule inajaa. Vumbi likiingia katikati, ulimi unarukaruka, na ule mruko ndio kraaa unayosikia. Mara nyingi dawa ni kupuliza kisafishio, kisha unazungusha mbele na nyuma mara nyingi. Zangu zilikuwa zimepita hapo, kaboni ilikuwa imeisha. Mzee akachomoa volyumu ya redio kaseti iliyokufa, akasoma maandishi mgongoni, akairudisha. Akachukua nyingine.

"Ile ni B. Hii ni A. Zote ni 50K lakini si moja."

Nikamwambia mzee, sioni tofauti. Akanieleza kwamba sikio la binadamu halihesabu sauti kwa hatua sawasawa. A imetengenezwa kufuata sikio. Ukiweka B, ukigusa tu kitufe sauti inaruka juu, halafu huko mbele haibadiliki sana. Huyu mtu hajawahi kuketi darasa la umeme hata siku moja!

Nikamuuliza ni redio gani anaikumbuka kuliko zote. Hakufikiri.

Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Kuna redio ya mteja ilikuwa kwake, volyumu imekufa kiasi kwamba inashika ikiwa juu kabisa tu. Ukiishusha, kimya. Asubuhi hiyo wanajeshi wa angani walikuwa wameteka Sauti ya Kenya kule Nairobi, na Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Mwenye redio akaja mbio anaitaka. Wakaiwasha pale pale. Sasa wazieni: tangazo la kupindua serikali, kwa sauti ya juu kabisa, katikati ya soko. Watu wakaanza kusema, punguza, punguza! Haipungui. Wengine wakaondoka wasije wakaonekana wakisikiliza. Kufikia jioni, jeshi tiifu kwa Moi lilikuwa limerudisha kituo, na mzee akalala akijiuliza ni nani alimwona na ile redio.

Baada ya hapo, anasema, ni kama kila mtu alitaka volyumu inayoshuka vizuri. Kituo kilikuwa cha serikali tangu 1964. Ukitaka habari ambazo serikali haikupenda, ulitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyokuwa hewani tangu 1957, na ukaisikiliza chini, sikio karibu na spika. Vitabu vya shule vilinifunza nani alimiliki kituo. Hakuna kilichonifunza kwamba msikilizaji naye alikuwa na kitu kimoja mkononi mwake, kitufe, na kwamba kikikwama alimtegemea mtu wa veranda.

Na hao watu wa veranda hawakuheshimiwa haraka. Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisema wazi kwamba mafundi kama hawa wanazalisha mali, na serikali iache kuwasumbua na kuwabomolea. Rais alifika kwa mafundi wa Kamukunji 1985 na kuwaahidi vibanda. Miaka kumi na mitatu, kutoka karatasi mpaka mabati!

Mimi naona sisi tumewarudisha nyuma zaidi ya askari wa kanjo. Spika za bluetooth tunazonunua zimegandishwa kwa gundi, na sauti inapandishwa kwa vibonyezo vilivyounganishwa na chipu. Hakuna ulimi wala kaboni. Mzee alinionyesha moja aliyoletewa: ameikata kwa kisu ili aingie, na ndani hakuna kitu angeweza kubadilisha. Ameiweka tu pale. Hana mwanafunzi pia. Aliyekuwepo ameenda kuendesha boda, na siwezi kumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka kuagiza zingine.

Alinitoza mia mbili. Nikampa mia tatu akakataa ile mia, tukabishana mpaka nikanunua chai.

Jioni nikaunganisha spika kwa simu na kuweka Kakai Kilonzo, gitaa likajaa nyumba nzima. Susu akatoa kichwa jikoni.

"Punguza!"

Ikapungua.