Kotisoli Haijui Nani Alizaliwa Kwanza

Kuna dai linapendwa sana hapa Kenya siku hizi: ati kifungua mimba huzaliwa na homoni nyingi za msongo kuliko wadogo zake, ndiyo maana hana raha, halali vizuri, na lazima abebe kila mtu mgongoni. Halafu linamaliziwa na ile sentensi ya kufunga watu midomo: "Sayansi imethibitisha." Sayansi gani? Ya nani, ya lini, na alipima nini? Ukiuliza hivyo watu wanaanza kuangalia simu.

Mimi kwetu ni wa tatu kati ya watano, kwa hivyo sina cheo cha kutetea hapa. Nilifuata tu hilo dai nyuma mpaka lilikotoka, na nikaona si dai moja. Ni historia mbili zilizoshonwa pamoja: moja ya watu waliohesabu nafasi za watoto, nyingine ya watu waliopima homoni.

Ya kwanza inaanzia Uingereza, mwaka 1874. Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, alitoa kitabu kuhusu wanasayansi wa nchi yake. Aliwatumia wanachama wa Royal Society orodha ndefu ya maswali: wazazi wako ni akina nani, afya yako ikoje, ulizaliwa wa ngapi. Akaona wana wa kwanza na wana wa pekee wamejaa kuliko inavyotarajiwa. Nimesema wana, yaani wavulana, kwa sababu Royal Society haikukubali mwanamke hata mmoja mpaka 1945. Nusu ya watoto wa Uingereza hawakuwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Galton huyu ndiye aliyebuni, mwaka 1883, jina la ile itikadi mbaya ya kuzalisha "binadamu bora". Alipenda kueleza karibu kila kitu kwa damu na ukoo. Lakini alipofika kwa kifungua mimba, hata yeye hakusema damu. Alisema ni malezi: mkubwa ndiye mwenye nafasi ya kurithi mali, wazazi humtendea kama mwenzao, na kwenye nyumba zisizo na pesa nyingi hupata uangalizi na lishe bora kidogo akiwa mchanga. Galton mwenyewe, kwa taarifa yako, alikuwa kitinda mimba.

Kisha Vienna. Alfred Adler, daktari aliyeachana na Sigmund Freud mwaka 1911, ndiye aliyetupa ile picha ya mtoto wa kwanza kama mfalme aliyepinduliwa: alikuwa peke yake na mapenzi yote, ghafla kaletwa mwingine. Picha nzuri, na ukiwa na mdogo wako unaielewa mara moja. Lakini Adler hakuwa na vipimo. Alikuwa na wagonjwa, na alikuwa na maisha yake. Alizaliwa wa pili, na kaka yake mkubwa aliitwa, amini usiamini, Sigmund.

Hofu ilipandishwa kwenye gari mwaka 1959. Stanley Schachter, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alileta wanafunzi wa kike kwenye maabara, mwanamume mmoja mwenye jina la kubuni akawaambia watapigwa shoti za umeme. Hakuna aliyepigwa. Waliulizwa tu: mnataka kusubiri peke yenu ama na wenzenu? Walioogopa walitaka kampani, na waliotaka kampani zaidi ni vifungua mimba na watoto wa pekee. Basi. Hakuna tone la damu lililotolewa, hakuna homoni iliyopimwa. Na hawa ni wasichana wa chuo kimoja cha Marekani, si wewe unayelipia mdogo wako karo.

Baada ya hapo utafiti wa nafasi za kuzaliwa ulimiminika kama mvua ya Aprili, mpaka Waswisi wawili, Cécile Ernst na Jules Angst, wakakaa chini wakausoma wote wa miongo kadhaa. Kitabu chao cha 1983 kilikuwa kama ndoo ya maji baridi. Tatizo kubwa walilolionyesha ni la hesabu, na hapa naomba usiruke.

Kila familia yenye mtoto ina wa kwanza. Lakini si kila familia ina wa saba. Ukichukua watu barabarani ukalinganisha wa kwanza na wa saba, wale wa saba wote wanatoka familia kubwa, na wale wa kwanza wanatoka kila aina ya familia. Mara nyingi familia kubwa na ndogo zinatofautiana kwa pesa, kwa elimu ya wazazi, kwa mahali zinapoishi. Kwa hivyo unadhani umelinganisha nafasi, kumbe umelinganisha umaskini. Fikiria Kenya hii yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alikuwa anazaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata 3.4. Mtu aliyezaliwa wa nane hapa karibu lazima awe ametoka kwenye Kenya nyingine kabisa na huyu kifungua mimba wa juzi mwenye ndugu mmoja. Ukipata tofauti kati yao, ni ya nafasi ama ni ya nusu karne?

Mwaka 1996 Frank Sulloway alirudisha moto kwa kitabu kilichosema watoto wa baadaye ndio waasi wa historia, na vikubwa ndio watetezi wa serikali. Kilisomwa sana, kikabishaniwa sana. Mwaka 2015 zikatoka tafiti mbili kubwa kweli. Moja ilikuwa na watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Nyingine wanafunzi 377,000 wa sekondari Marekani. Kwenye tabia, pamoja na ule utulivu wa moyo ambao ndio tunauzungumzia, nafasi ya kuzaliwa ama haikuonyesha kitu ama ilionyesha kitu kidogo sana ambacho huwezi kukiona kwa mtu mmoja. Kwenye vipimo vya akili ilibaki tofauti ndogo, wa kwanza juu kidogo.

Na hiyo tofauti ndogo ina siri yake. Mwaka 2007 Wanorwe walichunguza vijana karibu 240,000 walioitwa jeshini. Wa kwanza waliwashinda wa pili kwa alama mbili hivi. Lakini wale wa pili ambao mkubwa wao alifariki akiwa mchanga, wakalelewa kama wakubwa, walipata alama kama za wa kwanza. Tumbo la mama liliwahesabu wa pili. Nyumba iliwahesabu wa kwanza. Nyumba ndiyo iliyoshinda.

Sasa historia ya pili, ya homoni. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, aliandika barua fupi kwenye jarida la Nature. Alitesa panya kwa njia tofauti tofauti na akaona miili inajibu kwa namna ileile: tezi za juu ya figo zinavimba, tumbo linatoka vidonda. Kutoka hapo tukapata wazo la msongo kama tunavyolijua. Baadaye Selye huyohuyo alipokea pesa za kampuni za sigara, ambazo zilifurahia sana kusikia kwamba moyo wako unauawa na msongo na si moshi. Simtoi maanani, lakini kumbuka kwamba neno msongo limewahi kutumika kuficha mwenye makosa.

Kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi hizo, siku hizi inapimwa hata kwa mate. Rahisi sana, na urahisi huo ndio hatari. Kotisoli haikai mahali pamoja. Asubuhi iko juu, inapanda zaidi nusu saa ya kwanza baada ya kuamka, inashuka mchana kutwa, na karibu na usiku wa manane iko chini kabisa. Mkubwa ameamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya Rongai. Mdogo amefunga shule, kaamka saa tatu. Wapime wote saa nne asubuhi. Utapata tofauti kwa sababu ya saa ya kuamka, na mtu ataandika ni kwa sababu ya kuzaliwa.

"Lakini ni ya kuzaliwa nayo," utaniambia. Sawa. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Eleanor Maccoby walipima damu ya kitovu ya watoto wachanga, na ni kweli watoto wa kwanza walikuwa na viwango vya juu vya baadhi ya homoni. Ila hizo zilikuwa homoni za jinsia, si za msongo. Na kuhusu kotisoli kwenye damu ya kitovu, inajulikana kwamba namna ya kuzaliwa huibadilisha: aliyepitia uchungu na aliyetolewa kwa upasuaji uliopangwa hawafanani. Uchungu wa mimba ya kwanza kwa kawaida ni mrefu zaidi. Hiyo ni habari ya siku moja pale leba. Kuivuta mpaka umri wa miaka 30 kueleza kwa nini una deni la mkopo wa simu ni safari ndefu sana bana.

Sehemu tamu iko hapahapa kwetu. Kuanzia 1978 Robert Sapolsky, Mmarekani, alikuwa anakuja Maasai Mara kupuliza nyani dume mishale ya dawa ya usingizi ili awatoe damu. Aliona kwamba kwenye kundi lililotulia, dume wa chini ndio wenye homoni nyingi za msongo. Watu wakachukua hilo wakalipeleka kwa binadamu: wa juu ametulia, wa chini anateseka. Angalia basi: kwa hesabu hiyo kifungua mimba, ambaye ndiye wa juu nyumbani, angefaa kuwa ndiye aliyetulia. Dai la mtaani linasema kinyume. Tuchague moja.

Mwaka 2011 ikaja habari nyingine kutoka Amboseli. Watafiti walikuwa wamekusanya kinyesi cha nyani dume 125 kutoka makundi matano kwa miaka tisa. Dume mkuu alikuwa na homoni za msongo juu kama wale wa chini kabisa, na namba mbili ndiye aliyekuwa anakula raha. Vifungua mimba msishangilie bado. Dume mkuu hakuzaliwa mkuu. Alipigana, na atapinduliwa. Na kwa nyani wa kike, kwa kawaida binti mdogo ndiye anayepita dada zake wakubwa kwa cheo. Ukitaka nyani wathibitishe mila zetu, utaaibika.

Sapolsky ana kisa kingine kinachonigusa zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye kundi moja, dume wakali walikuwa wanaenda kupigania mabaki kwenye jaa la hoteli ya watalii. Nyama ilikuwa na kifua kikuu, wakafa. Wakabaki wapole. Miaka ikapita, dume wageni wakaingia, na upole ukaendelea. Kwenye ripoti ya 2004 waliandika kwamba dume wa chini wa kundi hilo hawakuwa tena na zile dalili za msongo mwilini. Vyeo vilikuwepo bado. Ila wa juu waliacha kuwasumbua wa chini.

Nalisema hili kwa sababu najua linavyotumika nyumbani. Mkubwa anasema amechoka kulipa karo ya wadogo watatu, anaambiwa "wewe umeumbwa hivyo, vifungua mimba ndivyo mlivyo." Mama anaitwa kwa jina lako, kwa hivyo mzigo nao ni wako. Na kitinda mimba aliyebaki kijijini kuogesha baba mgonjwa anaambiwa yeye hana msongo, yeye ni wa kudekezwa. Ukishasema ni homoni, hakuna tena haja ya kukaa kikao na kugawa gharama upya. Ile kazi ya Mark Flinn kwenye kijiji kimoja cha Dominica, kisiwa cha Karibi, ambako amekuwa akikusanya mate ya watoto tangu 1988, ilionyesha kotisoli ya watoto ikipanda nyumba ikiwa na ugomvi. Hicho kinaweza kupimwa, na kinaweza kubadilishwa.

Kama mtu anataka kunionyesha kwamba ni nafasi yenyewe, basi apime ndugu wa nyumba moja, kwa siku kadhaa, akiandika kila mmoja aliamka saa ngapi. Halafu aongeze safu moja kwenye hiyo karatasi: nani analipa nini mwezi huu. Nitausoma huo utafiti usiku huohuo.