Udi wa Kupika: Harufu Yetu Imetoka Wapi?



Nyumba ya Kizanzibari huijua kwanza kwa pua. Hujavua viatu mlangoni, umeshafahamu kama kuna mgeni, kuna Ijumaa au kuna bi harusi, maana moshi wa chetezo umekutangulia barazani. Wenyewe tunaita "udi wetu". Lakini fungua mkebe uulize kila kilichomo kimetoka wapi. Utakuta karibu chote ni mgeni.

Udi wenyewe ni mti wa misitu ya Asia: Assam kule India, Kambodia, Malaysia, Indonesia. Mti ukiwa mzima, ubao wake ni mweupe na hauna harufu ya kusifika. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo hutoa utomvu mzito wa kujikinga, ubao ukawa mweusi na mzito. Hapo penye jeraha ndipo penye udi.

Miski ya asili ilitoka kwenye tezi ya paa dume wa milima ya Himalaya. Zafarani ni nyuzi za ua dogo la Iran na Kashmir. Sandali ilitoka India, na marashi ya mawaridi Uajemi na Uarabuni. Bidhaa hizi zilikuja na majahazi, yakisukumwa na kaskazi na kurudi na kusi. Hata karafuu tunayojivunia imeanza kupandwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19.

Ila ambari ilikuwa yetu. Hutoka tumboni mwa nyangumi anayekula ngisi, ikaelea baharini hadi mawimbi yakaitupa pwani. Msafiri al-Masudi, aliyefika Qanbalu mwaka 916, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanaona ni Pemba, aliandika kuwa ambari bora hupatikana katika bahari ya Zanji. Kwa hiyo tangu zamani hatukuwa wanunuzi tu. Wenzetu nao walitafuta harufu kwetu.

Wanaume ndio walioleta bidhaa, na majina yao yamo vitabuni. Walioziunganisha zikawa kitu kimoja ni wanawake, jikoni. Sukari huyeyushwa na marashi, vipande vya udi vikatiwa na kukorogwa kwa mwiko bila kuachiwa kuungua. Mafuta mazuri, miski na ambari huwekwa mwishoni, moto umeshapungua, ili harufu isipotee na mvuke. Kisha mkebe hufungwa udi ukae. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alieleza katika kitabu chake cha 1886 jinsi wanawake wa jumba la Sultani walivyopenda manukato. Bibi zetu wa kawaida hawakuandika. Kipimo chao kilikuwa jicho na pua.

Na hapo ndipo penye hofu yetu. Miti ya udi imekatwa sana hata biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa kuanzia 1995. Sokoni kumejaa vijiti vya mbao yoyote vilivyoloweshwa mafuta ya kiwandani, vyenye kuwasha macho na kukohoza watoto. Na bibi akifariki, kipimo chake huzikwa naye. Binti anaolewa, udi unanunuliwa dukani, na hakuna anayejua kilichomo.

Dini yetu haijaidharau harufu. Mtume (S.A.W.) alipenda manukato, na alimfananisha rafiki mwema na muuza miski: hata usiponunua kwake, utaondoka na harufu nzuri. Pia ametufundisha mipaka: manukato yetu ni ya nyumbani, si ya kuwapitishia wanaume njiani. Na mjane aliye edani huyaacha miezi minne na siku kumi. Mwenye kuijua nyumba ile huona pengo, kwa kuwa chetezo kimelala.

Basi dada, kama una bibi, mama au shangazi anayepika udi, kaa naye jikoni wiki hii. Muulize anaanza na nini, anazima moto lini. Yeye akimimina kwa jicho, wewe pima kwa kijiko, uandike kwenye daftari, na juu yake uandike jina lake.

Allah awarehemu waliotutangulia, na awape afya waliobaki. Amin.